Neno Lililokaliwa na Kitufe

Msomaji, ule mkoba ulioanguka mwishoni mwa simulizi ya wiki iliyopita bado uko sakafuni. Tuuokote kwanza, ndipo tuendelee.

Mwenye mkoba ni dada mkubwa wa Fundi Saa. Watu humwita Bi Kipaza, kwa kuwa jambo likimwingia sikioni asubuhi, mchana mtaa mzima unalo. Alikuwa ametoka kununua sabuni. Mlangoni mwa supamaketi akasimama mbele ya ile mashine ya kuchangia, ile ndefu yenye kioo, ambayo mtu hujihudumia mwenyewe: unaingiza noti, inakushukuru, unaenda zako.

Akaingiza noti. Kioo kikawaka. Uso uliomtazama kutoka mle ndani ulikuwa uso wa mwanamke ambaye mdogo wake alitaka kumwoa.

Chini ya uso, kwa herufi nene: MSAIDIE MWATHIRIKA.

Hapo ndipo mkoba ulipoanguka.

Wewe na mimi tunajua kamusi inavyosema. Mwathirika ni mtu yeyote aliyepatwa na janga. Lakini mtaani neno hilo likisimama peke yake, lina maana moja tu, na watu hulitamka kwa kuangalia pembeni. Limetembea na ukimwi miaka mingi mno, hadi limesahau njia nyingine.

"Asante kwa moyo wako wa huruma," mashine ikasema.

"Asante ya nini wewe!" Bi Kipaza akaijibu, mbele ya foleni nzima.

Akakipiga picha kioo. Akaokota mkoba. Sabuni aliisahau palepale.

Mama Vifungo, mwenye uso ule, alikuwa akishona kola. Tangu soko liungue na kibanda chake cha ushonaji kiende na moto, alikuwa amejibanza katika chumba cha nyuma cha rafiki yake, kwa cherehani ya kuazima ambayo mkanda wake huchomoka kila baada ya mshono mrefu. Alikuwa mjane, amechoka, na keshoye alasiri wazee wa upande wa Fundi Saa walikuwa wanakuja kuleta posa. Alitaka kumaliza kola hiyo, apumzike.

Mlango ukafunguka bila hodi.

"Wifi, hii nini?"

Simu ikawekwa juu ya kitambaa. Mama Vifungo akainama, akatazama.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe! Nimeuliza hii nini?"

"Ni ile picha waliyotupiga baada ya moto. Wale wa mfuko wa msaada. Walisema wataiweka kwenye mashine zao, tuchangiwe mabati."

"Soma chini."

Akasoma. Akasoma tena. Mguu ukatoka kwenye kanyagio la cherehani.

"Mwathirika wa moto, wifi. Soko si liliungua? Wewe mwenyewe uliniletea maji."

"Nilikuletea. Lakini moto uko wapi hapo? Nionyeshe. Mimi nina macho, moto siuoni."

"Wamesahau kuandika."

"Wamesahau! Na ulivyokonda kwenye hiyo picha, mtu wangu, mashavu yameingia ndani, macho yametoka nje. Nani atafikiria mabati?"

"Nilikuwa sijalala tangu moto, wifi. Nisikonde?"

Bi Kipaza akavuta kiti, akakaa. Sauti yake ikashuka, na hilo ndilo lililomtisha Mama Vifungo, kwa kuwa hakuwahi kuisikia ikishuka.

"Mimi nakuamini. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni. Na mashine ziko nyingi: iko posta, iko hospitali, iko kituo cha mabasi. Wazee wanakuja kesho. Mmoja wao lazima amepita mahali. Nimeshasikia wanaulizana marehemu mume wako alikufa na nini."

"Alianguka kwenye jengo! Alikuwa mwashi. Kila mtu anajua."

"Kila mtu alikuwa anajua. Sasa wanaanza kusahau."

 Mambo mengi yalikuwa yanajipanga kichwani mwa Mama Vifungo. Ile oda ya sare za shule iliyohamishiwa kwa fundi mwingine bila sababu. Yule jirani aliyeacha kupokea chai yake. Na yule mteja, mama mmoja mpole kabisa, aliyekuja kushonewa blauzi akiwa na sindano yake mwenyewe kwenye karatasi. "Mimi nimeizoea sindano yangu," alisema. Mama Vifungo alicheka siku ile. Mtu azoee sindano?

Sasa hakucheka.

"Nifanye nini, wifi?"

"Nenda ukaliondoe hilo neno, au walimalizie. Kesho alasiri wazee wakikuta limebaki vile, mimi siwezi kuwazuia. Hawatakuja kugombana. Hawatakuja kabisa."

*

Ofisi ya mfuko ilikuwa ghorofani, na lifti ilikuwa imekufa. Mama Vifungo akapanda ngazi, akipumzika kila kona.

Afisa Michango alikuwa mwanamke kijana, simu mbili mezani, chai imepoa hadi imetanda utando. Alipomwona mgeni akasimama.

"Karibu, mama. Wewe si ndiye wa bango letu? Watu wanakupenda sana!"

"Mnaniua, mwanangu."

"Nani anakuua?"

"Nyie. Mmeandika mimi mwathirika."

Afisa akatabasamu kama mwalimu. "Ni neno la kawaida, mama. Kuna waathirika wa mafuriko, wa ajali, wa moto…"

"La moto liko wapi?"

"Lipo." Akageuza kompyuta. Kweli, lilikuwepo. MSAIDIE MWATHIRIKA WA MOTO WA SOKONI, mistari miwili mizuri, uso wake juu.

"Hapa lipo," Mama Vifungo akakubali. "Twende chini."

"Chini wapi?"

"Kwenye mashine yenu. Hapo mlangoni. Mnapita kila siku, hamsomi?"

Wakashuka. Afisa akasimama mbele ya mashine, akasoma, na mkono wake ukaenda mdomoni.

Kilichotokea kilikuwa kitu kidogo, msomaji, kidogo cha kukera. Kioo cha kompyuta ni kipana. Kioo cha mashine ni chembamba. Kile kitufe kikubwa cha kijani, CHANGIA HAPA, kilipofika kwenye mashine kilipanda juu kidogo, kikaukalia mstari wa pili. Moto wote wa sokoni ulikuwa chini ya kitufe.

"Mungu wangu," Afisa akasema. "Na sisi hata kwa wagonjwa hatulitumii tena hilo neno. Tunasema wanaoishi na virusi."

"Nyie mnasema. Mtaa haujaambiwa."

"Pole, mama. Pole sana."

"Pole nimepokea. Sasa kishusheni hicho kitufe."

 Afisa akatazama kioo, akatazama viatu vyake.

"Nikuambie ukweli? Katika picha zote tulizowahi kuweka, hakuna iliyovuta watu kama yako. Tulikaa kikao kizima tukijiuliza siri ni nini. Mkubwa wangu akasema ni macho yako."

"Kumbe ni kitufe."

"Kumbe ni kitufe."

"Wanachangia nikazikwe vizuri."

"Mama, wenzako wa sokoni wanangoja mabati hayohayo. Tukirekebisha, watu wakapunguza mkono…"

Mama Vifungo akaegemea ukuta. Hakuwa na nguvu za kugomba. Alikuwa amegomba na moto, na wenye viwanja, na mkanda wa cherehani. Akasema polepole tu:

"Mwanangu, kesho napokea posa. Nina umri huu, sikutegemea tena. Wenzangu nawapenda, lakini siwezi kuwanunulia mabati kwa mume."

 Afisa akatoa simu.

"Fundi wa mashine? Uko karibu na mtambo? Shusha kitufe kwenye tangazo la soko. Mashine zote. Hapana, usiniambie kesho. Leo, kabla watu hawajatoka makazini." Akakata. "Jioni litakuwa limekaa sawa, mama."

Hivyo tu. Jambo lililokuwa limeharibu oda, chai na sindano, limetengenezwa kwa simu moja! Mama Vifungo alitaka kulia, akaona kulia nako ni kazi. Afisa akapanda juu. Yeye akabaki ameegemea palepale, miguu ipoe kabla ya safari ya kurudi.

Laiti angeondoka!

Bwana mmoja mwenye tai akaja mbele ya mashine. Akaingiza noti. Akautazama uso kwenye kioo, akageuza shingo, akauona uso uleule umeegemea ukuta, karibu na kiwiko chake.

Akaruka nyuma hatua nzima.

"Pole, mama," akasema. Na mkono uliokuwa umegusa mashine akaufuta kwenye suruali.

Angepita bila kuufuta, mambo yangekuwa mengine. Lakini aliufuta. Na yote aliyoyameza Mama Vifungo tangu moto ukamtoka kwa mara moja, pale mlangoni, watu wakiingia na kutoka.

"Mimi si mwathirika! Unasikia? Niliunguliwa! Kibanda changu kiliungua! Mimi sina huo uchafu!"

Watu wakasimama. Bwana mwenye tai akatoweka.

Na kule kwenye mwanga wa mlango, kofia mkononi, alikuwa amesimama Fundi Saa.

Mama Vifungo akafurahi kumwona. Akanyoosha mkono amwite. Fundi Saa akamtazama tu, kama mtu anayeangalia saa iliyosimama na kujua haitengenezeki. Akavaa kofia yake. Akageuka. Akaondoka.

*

Duka la Fundi Saa ni chumba kimoja, ukuta mzima saa, kila moja na wakati wake. Mama Vifungo alipofika alimkuta benchini, taa imezimwa. Hakuwa anafanya kazi.

"Uliniona, ukaondoka."

"Nilikuona."

"Nimekukosea nini? Nilikuwa najitetea. Nakutetea na wewe! Dada yako alikuja na picha…"

"Alinipigia. Lakini ile picha niliiona kabla yake. Zamani sana. Nilikuwa naenda kutoa barua posta, nikakuona kwenye kioo."

"Ukasoma?"

"Nikasoma."



"Ukasoma vile, na bado ukawatuma wazee? Hukuniuliza?"

"Sikuuliza." Fundi Saa akapangusa benchi ambalo halikuwa na vumbi. "Nilifurahi."

"Ulifurahi?"

"Nilisema, afadhali."

Saa zikaendelea kugonga, kila moja kwa njia yake. Mwanamke yule hakuwa mjinga. Lakini kuna mambo ambayo akili huyafikia, na moyo ukakaa nyuma ukijifanya hausikii.

"Sema vizuri."

"Mimi ninao, mama. Virusi. Ninao tangu kabla hatujajuana. Nameza kidonge kimoja kila siku na naenda kliniki yangu. Daktari anasema vimelala hata kipimo hakivioni, na mke wangu siwezi kumwambukiza. Niko mzima, unaniona. Lakini ninao."

Mama Vifungo akashika ukingo wa benchi.

"Kila siku nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia," Fundi Saa akaendelea. "Ninaanza, nayameza maneno. Ndipo nikakuona kwenye kioo. Nikajiambia, basi, kumbe sote tuko hali moja, na yeye anatafuta pa kuanzia kama mimi. Nikasema nitamngoja. Nisimharakishe."

"Ulikuwa unaningoja mimi?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Nikuambie kitu ambacho sina!"

"Sikujua kuna kitufe."

Angekuwa mtu mwingine, siku nyingine, angecheka. Mama Vifungo akafunga macho.

"Na kesho wazee wangekuja. Ningekubali. Nisijue."

"Leo dada aliponipigia, aliponiambia ni moto na kwamba umeenda ofisini, nikajua sina njia ila kukuambia mwenyewe. Nikaja kule ofisini mbio. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima." Akageuza kofia mikononi. "Nikafika mlangoni. Nikasikia unavyoiita."

Uchafu.

Hakulitaja. Hakukuwa na haja. Lilikuwa mle chumbani, limesimama kati yao kama mgeni asiyekaribishwa. Mama Vifungo alilitafuta mahali pa kulificha, asipate.

"Nilikuwa nimechoka," akasema.

"Najua."

"Kuchoka si sababu. Yule bwana alifuta mkono kwa ajili yangu, nikamwona hana utu. Nami palepale…" Hakumaliza. "Nina hasira na wewe. Usifikiri sina. Ungeniambia."

"Ningekuambia."

"Una haki ya kuumwa. Huna haki ya kunioa gizani."

"Sina."

Hakujitetea hata kidogo, na hilo lilimchosha zaidi. Mtu akijitetea unapata pa kushika. Kesho wazee. Kesho ndiyo, au kesho hapana, na ndiyo ile au hapana ile sasa ilikuwa yake peke yake. Hakuna mashine ya kulaumu tena.

Alikuwa bado hajajua atasema nini mlango uliposukumwa.

"Ndiyo mzee, nakuambia nimesoma kwa macho yangu!" Alikuwa Bi Kipaza, simu sikioni, jasho usoni, anang'aa. "Wa moto wa sokoni! Limeandikwa lote! Ngoja, ngoja nimefika, nawakuta wote wawili." Akaishusha simu, akamkumbatia Mama Vifungo hadi mbavu zikalia. "Wifi yangu mimi! Kitufe kimeshuka! Nimewasomea watu wote wa supamaketi, mmoja mmoja, hata walinzi. Nimewaambia nyumba yetu hiyo kitu haijawahi kuingia, na haitaingia!"

 

Fundi Saa alikuwa anaangalia sakafu. Mama Vifungo akasogea polepole, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa ubavuni mwa Fundi Saa. Asidanganywe mtu kwamba alikuwa ameamua. Miguu yake ilikuwa imechoka, na kigoda kilikuwa upande ule.

Bi Kipaza akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mbona mmekaa kama mko msibani? Nani kafa?"

"Dada, funga mlango."

Akaufunga. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, dada," Fundi Saa akasema. Akafungua kinywa aendelee. Sauti ikamkatikia.

 Alikuwa anahangaika na neno moja, mtu mzima, fundi wa kutengeneza vitu vidogo kuliko punje, na hilo hakuweza kulishika.  Mama Vifungo akamwona alivyo peke yake. Na kabla hajajiuliza mara ya pili, akasikia sauti yake mwenyewe:

"Kaa, wifi. Kuna jambo letu tunataka kukueleza."

Fundi Saa akainua kichwa ghafla. Letu?

Bi Kipaza akakaa kwa uzito. Mkono ukaanguka juu ya paja, na simu ikiwa ndani yake. Wote watatu wakaitazama kwa wakati mmoja, kwa maana kioo chake kilikuwa bado kinawaka, na kutoka mle ndani ilikuja sauti ya mzee, safi kabisa:

"Haloo? Jambo gani tena? Semeni kwa nguvu kidogo. Tupo wote hapa, tunawasikiliza."